Taa za Pikapu Ndani ya Oveni

Glenys, shoga, wewe huwa unachungulia oveni kabla ya kuiwasha? Mimi leo sikuchungulia.

Niliweka moto wa skonzi, ule mkali, nikaenda kuanika mashuka. Mara nasikia harufu kama ndoo ya plastiki inaungua.

Nafungua, nakuta taa za nyuma za pikapu ya Merv, mume wangu huyu. Taa za gari, Glenys. Zimelala kwenye trei uliyonipa, wekundu wake unachuruzika kama jemu.

Merv huyo mbio. "Noelene, umeniunguzia taa." Yaani mimi ndiye niliyeunguza!

Eti aliziweka kwa moto mdogo ili gundi ilainike, abandue vile vifuniko, apake rangi nyeusi ndani. Akazima, akaziacha humo, akaenda zake kusikiliza kriketi redioni. "Kila mtu anafanya hivi siku hizi." Kila mtu. Mzee wa miaka sabini na moja, yai tu hajui kulichemsha.

Nikamuuliza, "Taa zikiwa nyeusi, nani atajua umefunga breki?"

"Ndiyo fasheni."

"Fasheni ya kugongwa nyuma?"

Akakaa, trei mapajani, anakwangua plastiki kwa kisu changu cha siagi. Nikammiminia chai.

Ndipo akasema, hata hanitazami: "Wale vijana wenye pikapu za taa nyeusi, barabara ya Dalby, wakipishana wananyanyuliana kidole cha salamu juu ya usukani. Mimi nawanyanyulia kila siku. Nilitaka siku moja wanijibu, basi."