Nyonga Uliyozikwa Nayo

Kwa baba yetu, Mzee Yotham Mazengo, afisa vipimo mstaafu, wa Haneti, Chamwino

Umetimia mwaka, Baba, tangu tukurudishe Haneti na kukulaza pembeni ya mama yako. Naandika mimi Paulina, kifungua mimba wako. Mama na Luka wamekaa hapa wananisahihisha kila sentensi, maana katika nyumba hii ulituzoesha kukagua kila kitu.

Tunakukumbuka ukiingia mnadani na begi lako la mawe ya mizani, mtu asiye na haraka. Wauza karanga wakikuona tu, lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kipimo, zinaanza kupungua zenyewe. "Shikamoo, mzee wa mizani!" walikuwa wakiita kutoka mbali ili wenzao wasikie, nawe ulijua ujanja huo, ukaitikia marahaba kwa sauti kubwa kuliko yao. Hukuwa mkali. Kilichokusumbua hakikuwa wizi sana, kilikuwa swali: mizani hii inadanganya kwa kiasi gani, tangu lini, na wapi imelegea? Kuna siku uliifungua mizani ya mama mmoja muuza nyanya ukakaa nayo mchana kutwa, mpaka mwenyewe akakuomba umwadhibu tu aende nyumbani.

Nyumbani ulikuwa vilevile. Ulipima mvua kwa kopo. Ulipima maji ya kusongea ugali wa uwele, mpaka Mama akalificha kopo lile, na hadi leo hajatuambia aliliweka wapi.

Ulipobadilishiwa nyonga, miaka saba iliyopita, ulitoka hospitali na swali moja. "Humu ndani wameniwekea chuma gani?" Hakuna aliyejua. Uliambiwa tu ni nyonga nzuri, imetoka nje ya nchi, itadumu kuliko wewe. Miaka miwili ulitembea vizuri, ukaenda shambani na kurudi bila fimbo. Kisha ikaanza kulia.

Utusamehe, Baba, tulicheka. Kila ulipoinuka kwenye kiti ilitoka sauti ya bawaba kavu, na mjukuu wako Erica akawa anakimbia kuangalia nani kafungua mlango. Wewe hukucheka wala hukukasirika. Ulinunua kaunta buku ukaanza kuandika: hatua ngapi kabla haijalia, kwenye mwinuko au tambarare, asubuhi au jioni, umebeba nini. Zipo kaunta buku nne. "Ndoo ya maji, kilo kumi na nane na nusu. Imelia mara sita." "Erica, kilo kumi na mbili hivi, amekataa kutulia kwenye mizani. Imelia mfululizo."

Hospitali walikuambia ni umri. Ukawajibu, "Mguu wa kushoto nao ulizaliwa siku hiyohiyo, mbona haulii?" Luka alikuwepo. Anasema daktari aliitazama miguu yote miwili, kisha akaandika dawa za maumivu.

Maumivu yaliongezeka, masikio yakaanza kuvuma, pumzi ikawa fupi. Damu yako ilipelekwa mbali kupimwa, jibu likarudi kwamba imejaa kobalti, madini yaliyomo katika chuma cha nyonga za aina ile. Nyonga ilikuwa inajisaga, na unga wake ulikuwa unatembea mwilini mwako. Sisi tulilia. Wewe ulilisoma jibu mara tatu ukasema, "Kumbe," kama ulivyokuwa ukisema ukiipata skrubu iliyolegea.

Ukaanza kutafuta wenzako. Ulikaa kwenye benchi za kliniki hata siku ambazo hukuwa na miadi, ukiuliza watu wanaochechemea walitibiwa wapi na mwaka gani. Uliwapata kumi na mmoja, kuanzia Chamwino hadi Kolo, wote wana nyonga kama yako, na Wakili Wambura akawafungulia kesi dhidi ya kampuni iliyozitengeneza. Kampuni ikajibu kwamba nyonga zake ni nzima. Kwamba ninyi ni wakulima, mmezibebesha mizigo isiyofaa. Hatujawahi kukuona umefurahi namna ile. "Vizuri," ulisema, ukaenda kuzileta kaunta buku zako. "Mizigo yote nimeipima."

Moyo wako ulichoka kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Kwenye kikao cha msiba, Baba Mkubwa Matonya, kaka yako, alisema maneno machache. "Alikatwa akiwa hai, inatosha. Mdogo wangu anakwenda mzima." Tuliona ni heshima, tukakuzika mzima.

Kwa desturi ya ukoo wetu sanduku la nguo za marehemu halifunguliwi mpaka arobaini, ndugu wote wakiwepo. Ufunguo wa lako ulikaa siku zote hizo kwenye pindo la khanga ya Mama. Siku ilipofika Luka akafungua, na juu kabisa ya nguo palikuwa na karatasi, kwa ule mwandiko wako wa ripoti za kazini. Akaisoma kwa sauti: "Nikifa kabla ya kesi kwisha, msinizike kwanza. Daktari aitoe nyonga hii mbele ya wakili, ipimwe. Msinionee huruma, sitasikia kitu." Chini yake sahihi na tarehe.

Mama akalishika pindo la khanga yake, akasema taratibu, "Jamani, ufunguo nilikuwa nao mimi."

Tukuulize kwa upendo, Baba. Wewe uliyeijua mizani ya kila mnada, ulisahau vipi desturi ya sanduku ya ukoo wako mwenyewe? Ulikuwepo sanduku la bibi lilipofungwa. Wewe ndiye uliyehesabu siku. Ungemnong'oneza mmoja wetu tu. Au uliogopa kwamba ukilitamka, tutaanza kukutazama kama mtu anayekufa? Mama anasema ni uoga. Luka anasema ulizoea tu kwamba ukishaandika, umesema. Mimi sijui, na nina hasira nawe kidogo, na nimekukumbuka mno.

Wakili Wambura alikuja akatueleza bila kuzunguka. "Stika yenye namba ya nyonga, inayoonyesha imetengenezwa na nani, haipo kwenye faili la mzee, na mafaili ya wenzake ni hivyohivyo. Nyonga nyingine zote ziko ndani ya watu walio hai. Ya mzee ndiyo pekee inayoweza kuwekwa mezani bila kumpasua mtu aliye hai. Tusipoipata, wataomba kesi ifutwe, na mimi sina la kujibu."

Baba Mkubwa akakataa. "Kaburi si ghala, mkitaka mnafungua, mkitaka mnafunga." Luka alipojaribu kumsomea tena karatasi yako aliinuka akaondoka, na kwa miezi mitano hawakusalimiana.

Halafu akaja Mama Restuta wa Kolo, yule mwenzako wa kwenye benchi. Alipanda mabasi mawili na bodaboda, akashuka uwanjani kwa Baba Mkubwa na magongo mawili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakutuma? Yule wakili?"

"Nimejituma mwenyewe."

"Unataka nimfukue mdogo wangu."

"Nataka kujua, baba. Ya kwake mmeizika, ya kwangu nalala nayo. Daktari anasema kuitoa ni hatari, kuiacha nako ni hatari. Nikimuuliza hatari ipi kubwa, ananiambia hawezi kujua mpaka mojawapo ionekane. Sasa itaonekana ya nani?"

Baba Mkubwa akamwomba atembee mpaka zizini na kurudi. Akatembea polepole, na alipogeuka kwenye lango la zizi, nyonga yake ikalia. Mzee akavua kofia.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Ndivyo nilivyokuwa nikijua Yotham anakuja."

Akalia, Baba. Hata siku ya maziko yako hakulia. Alimwita Luka kwa jina, mara ya kwanza tangu ugomvi, akamwambia amletee mgeni kiti.

Sasa wiki hii mahakama imetoa kibali cha kufukua. Ni Jumamosi, saa mbili asubuhi. Mchungaji Joshua atafanya sala, daktari na Wakili Wambura watakuwepo, na kampuni imeleta mtaalamu wake ashuhudie. Mama Restuta alifika tangu jana; anakataa kupumzika, yuko jikoni anachambua mlenda. Baba Mkubwa ameagiza asiguse mtu udongo kabla yake, jembe la kwanza ni lake.

Usiku wa kuamkia leo sijui kama kuna aliyelala vizuri. Tunajiuliza mambo mengi. Itakuwa imechakaa kiasi gani? Namba yake itasomeka? Asubuhi Luka ndiye aliyeuliza lile ambalo wote tulikuwa tunalikwepa. "Na tukiikuta haina hata mkwaruzo?"

Mama aliendelea kupepeta uwele. "Basi baba yenu atakuwa amekosea," alisema, "na angependa kujua amekosea wapi."

Tunakuomba radhi kwa kukuamsha. Tunakuomba radhi zaidi kwa kuchelewa.

Unakumbukwa na mkeo Loisi. Wanao Paulina na Luka. Mjukuu wako Erica, ambaye siku hizi anatulia kwenye mizani. Kaka yako Matonya. Ukoo wote wa Mazengo wa Haneti. Na wenzako kumi na mmoja ambao bado wanatembea na swali lako. Hakuna siku tutakayokusahau.

Jumamosi ukisikia majembe juu yako, Baba, usishtuke. Ni sisi.