Mizani Iliyofundishwa na Kina Mama wa Laare

Laare, Jumamosi

Dada Wanja,

Mguu wa mama unaendeleaje? Mimi leo nimepona woga.

Ile mizani ya umeme niliyotumwa kuisimamia kwenye kituo cha kupokea majani ya chai ilikuwa polepole mno. Karani mkuu alisema ikishindwa tena leo itarudishwa, nami nirudi Embu bila kazi. Foleni ilifika barabarani na majani yakaanza kupata moto ndani ya magunia. Mama mmoja mzee akaniuliza, "Wee karani, hii mashine yako husali kabla ya kila gunia?"

Kando yetu kina mama walikuwa wakifunga vitita vya miraa, ile mirungi ya kutafuna: mmoja anachagua vijiti, wa pili anafunga, wa tatu anazungushia jani la mgomba, na hakuna mkono unaongoja. Mizani yetu ilisoma uzito, ikapiga hesabu, ikachapa risiti, ndipo ikakubali gunia lingine. Nilimwambia injinia aliyeileta kwamba mizani nayo ingepaswa kufanya kama wao. Aliwatazama wale mama, akacheka, akaketi na kompyuta yake kuipanga upya chipu ya mizani, kwa kuwa ni ya aina inayokubali kupangwa upya. Sasa ikimchapia mmoja risiti, inampigia wa pili hesabu na kusoma gunia la wa tatu.

Foleni iliisha kabla ya saa sita! Yule mama mzee amenipa ndizi ya kuchoma, bado moto. "Kula, karani. Leo mashine yako imefika amina."

Mwambie mama nabaki na kazi yangu. Nawapenda nyote.

Nduguyo,
Njeru