Alama Niliyofuta Mchangani

Mwende mdogo wangu,

Mmeamkaje huko Makindu? Mimi bado niko kwa shangazi, nakuandikia nyuma ya picha niliyochapisha leo mjini kama kadi.

Jana alfajiri niliteremka peke yangu hadi Mto Athi, huku upande wa Kitui, kupiga picha. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na mchanga wa ukingoni ni mpana, ungedhani ni ufuo wa bahari. Nilipiga magoti hapo karibu nusu saa.

Baadaye, jikoni kwa shangazi, nikairembesha picha kwa simu. Nikalainisha mwanga, nikaongeza ukungu kidogo, halafu nikafuta mstari mrefu uliokuwa ukiharibu mchanga, kama mtu ameburuta gogo.

Shangazi alikuwa akichungulia begani kwangu. "Hebu rudisha ile ya kwanza," akasema. Akaitazama, akaweka kikombe chini. "Huo ni mkia wa mamba. Ametoka majini, akaingia kwa matete. Unaona alama ya kurudi?"

Sikuona. Na matete hayo yalikuwa nyuma yangu, hatua tatu tu. Shangazi alitoka mbio bila viatu kuwazuia wanawake waliokuwa wanaenda kuteka maji. Aliwapata njiani, asante Mungu.

Nawapenda sana, sikujua ni kiasi hiki. Picha iliyo mbele ya kadi ndiyo ile niliyorembesha. Mama mwonyeshe upande huo peke yake. Akisifu vile mchanga ni msafi, wewe kubali.

Dadako,
Mumbua