Kodi Nyuma ya Saa

Mpendwa Bi Muriel,

Naomba unishike mkono maana hapa nilipo sijui pa kuegemea. Safu yako naisoma kila Alhamisi na mara nyingi nimewacheka wanaokuandikia, sasa leo zamu yangu, na wewe nicheke ukitaka ila mwishowe unijibu.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na tisa, naitwa Avril, naishi hapa Longton katika nyumba niliyozaliwa, na mwenye nyumba wangu ni mdogo wangu wa tumbo moja, Royston. Najua utauliza imekuwaje, kwa hiyo niruhusu nirudi nyuma kidogo, maana mambo yote yanaanzia huko.

Nyumba hii ilikuwa ya bibi yetu, mama yake baba, Bibi Hettie, aliyeinunua kwa fedha za fidia babu alipofia mgodini, na baba alipooa, bibi alihamia kwa dada yake mtaa wa pili akawaachia nyumba, lakini hakuwaachia bure. Kila Ijumaa mama alitoka kiwandani alikokuwa akipaka maua kwenye vikombe, mikono bado inanuka tapentaini, akaweka kodi nyuma ya saa pale juu ya meko, na bibi akaja na kitabu chake chekundu, akahesabu, akaandika tarehe, akaandika "Imepokelewa", akatia sahihi na kuondoka bila hata kuvua koti. Jumapili alirudi na kofia yake ya kanisani, akala nyama ya kuoka na viazi pamoja nasi, akapindua sahani kuangalia mhuri wa kiwanda, kama sisi watu wa huku kwenye viwanda vya vyombo tunavyofanya hata tukialikwa harusini, na kodi haikutajwa kabisa. Mwaka ambao kiwanda kilipunguza siku za kazi mama alikosa wiki mbili, bibi akaandika "Hajalipa" kitabuni mara zote mbili, na mimi na Royston tulikuwa tumekaa kwenye ngazi tunasikiliza bibi akimwambia pale mlangoni, "Edna, wiki ya tatu naweka wapangaji wengine, na wewe na wanao mtalala kwangu sakafuni." Mama akaazima kwa shangazi, akalipa. Na Jumapili zile zote bibi alikuja kula kama kawaida, na mama akampa kipande cha nyama kilichonona kuliko vyote.

Bi Muriel, sijui nikuelezeje, ila ningetoa chochote nilicho nacho nikae tena kwenye ngazi zile Ijumaa moja tu, chapati za oti zinaiva kwenye bamba, baba anapuliza chai yake, Roy ameniegemea begani na pua yake inachuruzika, na mama anatuimbia kutoka jikoni huku amekosea maneno. Nazitamani siku zile mpaka naumwa. Kitabu kile chekundu ninacho mpaka leo, kimo kwenye droo ya visu, kina kurasa nyingi ambazo hazijaandikwa kwa sababu bibi alifariki kabla hakijajaa, na mara nyingine nakifungua tu kuangalia mwandiko wake.

Basi, wazazi walipofariki walituachia nyumba sote wawili, mimi nikiwa Derby na mume wangu, na Royston akanunua fungu langu miaka kumi na tisa iliyopita kwa mkopo wa benki ambao bado anaulipa, akawapangisha wauguzi wawili, na fedha zangu zikaishia kwenye ugonjwa wa mume wangu. Alipokufa, na mwenye nyumba wetu wa Derby akataka kuuza, wauguzi nao walikuwa wanahama, Royston akanipigia simu akasema rudi nyumbani, dada. Ni miaka mitatu sasa. Tulikubaliana nimlipe karibu sawa na wauguzi, na mimi, kwa jinsi nilivyofurahi kurudi, nikasema nitaweka nyuma ya saa kila Ijumaa kama mama. Yeye na wifi yangu Denise wanaishi kwao, Stone, ila Jumapili huja kula, naye hupita mekoni akachukua, mara nyingine huniachia noti moja ya ishirini akisema ni ya gesi, na baada ya chakula hupanda kwenye chumba chake cha utotoni, ambacho sijakigusa, treni zake za kuchezea bado ziko kwenye reli zake sakafuni. Mkataba hatukuandikiana. Tuliona aibu, mtu na dada yake.

Machi goti langu lilikataa kusimama, nikaacha kazi ya kupika shuleni. Jumapili moja tukiosha vyombo Roy akasema, "Dada, miezi miwili mitatu naweza kubeba. Zaidi ya hapo benki haitaniuliza wewe ni nani yangu. Nitapangisha wengine au nitauza." Nikamrushia taulo la vyombo nikamwambia aache utani, nikaanza kumkumbusha siku mama alipomfungia nje kwa kuvunja birika. Tangu hapo nalipa kutoka kwenye akiba, na akiba hiyo Krismasi hainikuti nayo.

Ndipo nikaenda halmashauri kuomba msaada wa kodi ya nyumba. Binti niliyemkuta ana adabu zake, akanipa chai, nikamaliza nikapindua kikombe, kumbe kimetengenezwa mbali huko, nikasikitika kimoyomoyo.

Akaniuliza, "Mama, mna mkataba?"

Nikamwambia, "Wa nini, mwanangu? Ni Roy."

"Anakuandikia risiti?"

"Anachukua nyuma ya saa."

"Na usipolipa, mama, atakutoa?"

Bi Muriel, nilicheka. Nikasema, "Roy? Anitoe mimi? Huyo nimemfuta makamasi kwa mikono hii. Afadhali alale yeye barabarani." Akaandika kama nilivyosema, neno kwa neno, na mimi nilifurahi kwamba anaandika.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Wamekataa. Wanasema haya ni makubaliano ya kifamilia, si upangaji, na kwamba nina mwezi mmoja wa kuomba waangalie upya. Zimebaki siku kumi na mbili.

Jumapili iliyopita Royston alikuja na karatasi mbili, akaziweka nyuma ya saa, palepale ninapoweka kodi. Moja ni mkataba wenye tarehe ya miaka mitatu iliyopita. Nyingine ni barua ya Januari, ya kunipa siku sitini nihame kwa kutolipa, na Januari nililipa kila wiki.

"Weka sahihi tu, dada, upeleke," akasema, anatazama zulia.

"Imeandikwa Januari, Roy. Huu ni Septemba."

"Nani atajua?"

"Na hapa umeandika nihame."

"Sijaandika mimi. Kaandika Denise."

Denise akageuka pale kwenye sinki. "Wifi, usitutazame hivyo. Sisi tulikuwa tunakwenda vizuri mpaka wewe ulipokwenda kujisifu ofisini. Hukuweza kusema ndiyo tu?"

Roy hakula hata kitindamlo. Akapanda juu, na chini tukawa tunasikia treni inazunguka, inazunguka.

Sasa niambie, nipeleke zile karatasi? Nikizipeleka nitakuwa mwongo mzeeni, na kusema kweli yale maneno ya kuhama yameniuma ingawa najua si ya kweli. Nisipozipeleka nyumba itauzwa, na mwingine ataning'iniza makoti yake kwenye misumari aliyoigonga baba. Nifanye nini?

Avril, Longton.


Avril,

Kabla hujamaliza kusoma, nyanyuka, toa zile karatasi nyuma ya saa, uzitie kwenye meko. Nitakusubiri.

Mkataba wenye tarehe ya uongo na barua ya kutishia kwa deni ambalo halikuwepo ni udanganyifu, na wewe na Royston mnaweza kufikishwa mahakamani pamoja, mmeshikana mikono kama mlivyozoea. Mwambie na wifi yako. Simlaumu sana Denise, ana hofu ya mkopo na kompyuta iko karibu, lakini hili asilirudie.

Sasa tuje kwako. Nimeisoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nimesikia harufu ya zile chapati, kwa sababu mama yangu naye alikuwa akipaka maua kwenye vikombe, na nimekaa kwenye ngazi zangu mwenyewe. Kwa hiyo nitakalokwambia usilichukue kwamba ni la mtu asiyejua. Yule binti hakukuuliza kama Royston anakupenda. Alikuuliza usipolipa itakuwaje, na wewe jibu ulikuwa nalo, ulipewa Machi kwenye sinki na mwenye nyumba mwenyewe: atapangisha wengine au atauza. Ulimrushia taulo. Kisha ukaenda ofisini ukatoa jibu ambalo ungependa liwe kweli. Waliosema uongo si Royston na Denise peke yao, mama, hata wewe Julai au Agosti ulisema lisilokuwepo, ila lako lilikuwa tamu na lilikuharibia.

Kupanga kwa ndugu si kosa na hakukunyimi msaada. Wangekukatalia moja kwa moja kama mngekuwa mnaishi naye chini ya paa moja, lakini yeye ana kwake na wewe una kwako. Fungu lako uliuza miaka kumi na tisa iliyopita, hilo nalo limeshapoa, hawawezi kusema nyumba ni yako. Wanachotaka kuona ni kwamba kodi ni kodi, na yako ni kodi, mmeificha tu kwa sababu mliona haya.

Kesho asubuhi nenda kwenye kituo cha ushauri kwa wananchi, hawatozi kitu, wakusaidie kuandika ombi la kuangaliwa upya, na lifike halmashauri kabla ya hizo siku kumi na mbili. Mwandikie yule binti kwamba ulijibu vibaya, na umweleze maneno ya Machi kama yalivyosemwa, pamoja na taulo. Benki yako itakupa taarifa inayoonyesha umetoa fedha zilezile kila wiki kwa miaka mitatu. Kama Royston aliziweka benki kwake, alete taarifa yake, na alete barua ya benki ya mkopo na mkataba wa wale wauguzi ili waone nyumba hii ilikuwa ya kupangishwa kabla hujaingia. Noti ya ishirini ya gesi itaje pia, usiifiche, maana wakiigundua wenyewe itanuka. Naye aandike barua yake, kwa mkono wake, kwa tarehe ya leo, aseme bila kuzunguka atafanya nini usipolipa. Itakuliza, najua. Lia nyumbani, kisha uipeleke. Wakikataa tena kuna rufaa, na pale kituoni watakusindikiza. Siwezi kukuahidi utashinda. Naweza kukuahidi utaingia pale na neno moja tu la kukumbuka, kwa sababu litakuwa la kweli.

Na treni ziondoke. Mpangaji anapanga nyumba nzima, hapangi nyumba toa chumba cha mwenye nyumba cha kuchezea. Mwambie azipeleke Stone, aone kama Denise atazitandikia zulia.

Umenieleza habari za bibi yako kana kwamba ni kumbukumbu tu, Avril, na mimi nasoma nashika kichwa. Yule bibi alimpenda mkwewe, la sivyo asingekaa meza moja naye Jumapili zile mbili za deni. Na alimwandikia "hajalipa" kwa wino, na alimwambia mlangoni atamtoa, akamwambia vilevile atalala wapi. Mama yako hakuona aibu, alikwenda kuazima, kisha akamkatia nyama nzuri. Nyumba hiyo ilibaki mikononi mwenu kwa sababu ilikuwa na Ijumaa na ilikuwa na Jumapili. Wewe na Royston mmerudisha saa, mmerudisha nyama ya kuoka, mmerudisha hata mahali pa kuweka fedha. Mmeacha kitabu kwenye droo ya visu.

Kwa hiyo Royston asingoje Jumapili. Aje Ijumaa hii, bila Denise, asivue koti. Mpe kalamu, umfungulie ukurasa unaofuata mwandiko wa bibi yenu.

Muriel