Kilomita Kumi na Nne za Baba Shani

Nambambo, Nachingwea

Dada yangu Zaituni,

Assalaam alaykum. Mwili wangu mzima, namshukuru Mungu. Natumaini barua hii itakukuta umekaa pale kibarazani unachambua mlenda, na mguu wako umepungua kuvimba. Mama macho yake yanaendeleaje? Bado anakataa miwani, anasema inamzeesha? Huku kwetu ufuta umeshatoka shambani, sasa watu wanafagia chini ya mikorosho.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nimekataa kuiuza pikapu ya marehemu nije nyumbani Kondoa. Nikasema nitakwambia, kisha nikakata. Usinione nina kiburi. Haya siwezi kuyasema na simu sikioni huku jirani anamenya mihogo anasikiliza. Nimenunua daftari, nimefunga mlango. Usimsomee mama yote.

Kuna jambo sikuwahi kulisema, hata kwako ulipokuja msibani. Siku moja kabla Baba Shani hajafa, niliendesha mimi mwenyewe kwenda Mtua kuchukua karanga za mbegu. Aliniambia nikipita sheli nitie mafuta. Nikatazama mshale, unaonyesha nusu tangi. Nikaona ya nini kupanga foleni. Nikapita.

Asubuhi yake ndiyo akaondoka kwenda Nambilanje, upande wa Ruangwa, na hakurudi. Unajua walivyomkuta: pembeni ya barabara, mikono kwenye usukani, injini imezimwa, vioo vimepandishwa. Hospitali wakasema moyo. Vijana waliomkuta waliogopa kuwasha gari lenye maiti. Waliiteremsha maiti kwa heshima, pikapu wakaifunga kamba nyuma ya lori, wakaivuta mpaka hapa.

Dada, miezi minne na siku kumi nimekaa eda nikijiuliza swali moja: alisimama kwa nini pale, mahali hapana nyumba? Kama mshale ule ulinidanganya na mafuta yaliisha, basi alikaa peke yake kifua kinambana, anasubiri gari lipite, na aliyemsababishia ni mimi.

Nilipotoka eda nikaenda kuifungua. Nilizungusha ufunguo kidogo tu, sikuwasha injini. Mshale wa mafuta ukapanda polepole mpaka nusu. Wa joto nao ukapanda, ukaenda moja kwa moja kwenye rangi nyekundu, na gari limelala baridi muda wote huo. Nikagusa indiketa. Taa ikawa inalia ta, ta, ta, na mishale yote miwili inaitikia, inainama na kuinuka, kama watu wawili wanaokubaliana jambo. Nikatoa ufunguo nikakimbilia ndani. Nilipotoka baadaye nikachungulia kwenye dirisha la gari, mshale wa mafuta ulikuwa bado umesimama palepale nusu, ufunguo ninao mkononi.

Mafundi wawili wa mjini walikataa. Mmoja alikuja, akaona mishale ikiitikia, akafunga mkoba wake. "Mama, gari hili bado lina mwenyewe," akasema. Toka siku hiyo hata watoto wakawa wanazunguka mbali wakipita.

Aliyekubali ni fundi Issa. Utamkumbuka, ni yule Myao mnene aliyejilaza kaburini siku ya mazishi akasema hatoki mpaka alipwe kuku, wewe uliposikia ukakasirika mpaka wakakueleza kuwa ni mtani wa marehemu na ndiyo desturi ya huku. Mtani haogopi vya mtani wake. Alifika na bisibisi, kipande cha msasa na taa ya kupimia umeme, akapiga bodi teke.

"We Mmwera! Umekufa, na bado unanipa kazi bila chai?"

"Fundi, usimseme hivyo," nikamwambia.

"Shemeji, nisipomsema ataona nimemsahau. Leta chai."

Akawasha taa za mbele, mishale ikaruka. Akazima, ikashuka kidogo. Hakushtuka. Alinieleza kuwa umeme wa geji, yaani vile vipimo vyenye mishale, ukishafanya kazi yake unatakiwa urudi kupitia waya mmoja unaofungwa kwenye bodi, wanauita waya wa ethi. Waya huo ukilegea au ukipata kutu, umeme unakosa njia ya kurudi, unapita kwa majirani. Ndiyo maana ukigusa hiki, kinacheza kile. "Hapa hamna jini," akasema. "Ni kutu."

Akafungua skrubu, akavuta dashibodi kwake. Akaniita kwa mkono.

Nyuma ya zile geji, gizani kabisa, paliota ufuta. Baba Shani alikuwa akibeba magunia ya ufuta kila msimu, nadhani mbegu zilimwagika zikaingia kwenye matundu ya chini ya kioo cha mbele, kisha mvua ikavuja kwenye mpira wake. Zimeota humo wakati mimi niko eda ndani. Miche myembamba kama nyuzi, myeupe, haina hata tone la kijani, imeshakauka. Na yote imeinamia upande mmoja, kwenye kile kioo cha geji anachotazama dereva. Mizizi imejizungusha kwenye waya wa ethi.

Fundi Issa aliing'oa taratibu, hakuitupa. Aliiweka kwenye sahani ya chai yangu. Akasugua kichwa cha waya kwa msasa mpaka kikang'aa, akakikaza. Tulipowasha tena, mshale wa joto ukalala chini kama inavyotakiwa. Wa mafuta ukashuka, ukashuka, mimi nimeshika mlango. Ukasimama robo.

"Huu siuamini bado," akasema. Akaenda nyuma, akafungua tangi, akalitoa boya linalopima mafuta, akalikagua, akachovya kijiti. Kilitoka kimelowa vidole vinne. Akaninusisha. "Haya yanakupeleka Nambilanje, yanakurudisha, na mengine yanabaki. Shemeji, mbona unalia?"

Ndipo nikamweleza habari ya sheli. Ni mtu wa kwanza kumwambia. Hakunitania. Alijifuta mikono muda mrefu, kisha akauliza, "Basi alisimama kwa nini?"

Akarudi mbele, akaonyesha vile vitarakimu vidogo chini ya mshale wa spidi, vinavyohesabu safari. Akasema hivyo havitumii umeme, vinazungushwa na kebo inayotoka kwenye giaboksi. Gurudumu likizunguka, vinahesabu, iwe gari linaendeshwa au linavutwa. Havijui kuongopa.

Dada, vile vitarakimu nilikuwa navijua. Kila asubuhi Baba Shani akitoka, alisimamisha gari mlangoni, akabonyeza sifuri, akaniambia, "Naanza kukuhesabu." Akirudi ananitajia: leo nilikuwa mbali nawe kilomita mia, leo sitini. Nilikuwa namwona mtu mzima mwenye mambo ya kitoto.

Vilisoma tisini.

Siku ya pili tulikwenda, fundi Issa kwenye usukani, hatukubonyeza kitu. Tulipofika mahali walipomkuta, vilisoma mia na ishirini na nane. Fundi akahesabu kwa sauti. Nyumbani mpaka pale ni thelathini na nane. Kwenda, pamoja na kuvutwa kurudi, sabini na sita. "Na sisi tumekuta tisini. Kuna kumi na nne za peke yake." Akatazama barabara mbele. "Alipita hapa, shemeji. Alikwenda saba, akageuza, akarudi saba. Alipokufa alikuwa anakuja nyumbani."

Nikamwambia aendelee kilomita saba.

Zilipotimia palikuwa na nyumba moja kando ya barabara, bibi anaanika makopa juu ya kichanja. Nilishuka, nikasimama kwa mbali kama adabu inavyotaka, nikaita, "Hodi wenyewe!"

Ungo ukamdondoka. Makopa yakatawanyika. Hakuwa hata amegeuka kunitazama.

"Sauti hiyo," akasema. "Sauti hiyo nilishaisikia."

Nikamsalimia, "Shikamoo bibi, mimi mgeni, sijawahi kufika hapa."

"Marahaba. Kufika hujafika. Kuita uliita." Akamtazama fundi, akaitazama pikapu ya bluu. "Mwenye gari hii alikuja kuniomba maji, kipindi cha mvua. Jasho linamtoka, mkono umeshika hapa." Akajigusa kifua. "Adhana ya adhuhuri imetoka kule msikitini muda si mrefu. Akanywa nusu. Akaniambia, bibi, ngoja kwanza, mke wangu ananiita. Nami nikasikia mwanamke anaita Baba Shani, Baba Shani. Nikasema labda amemwacha ndani ya gari. Nikachungulia. Hamna mtu. Yeye akageuza akaondoka. Kikombe hiki hapa."

Fundi Issa alikuwa anaokota makopa moja moja anayarudisha kwenye ungo.

Sasa nakwambia wewe peke yako. Mchana ule, adhana ilipokwisha, nilikuta dawa zake za presha juu ya kabati, amezisahau. Nilijua yuko mbali. Lakini nilitoka mpaka mlangoni nimezishika, nikaita kwa nguvu, "Baba Shani! Baba Shani!" Kisha nikajicheka, nikaingia ndani kupika.

Sijui nilimrudisha au nilimmaliza. Fundi Issa alipokuwa ananishusha aliniambia, "Alikuwa anakuja kwako, shemeji. Chukua hilo, mengine mwachie Mungu." Nimejaribu kulichukua. Siku nyingine linakaa, siku nyingine halikai.

Pikapu sasa nzima, mishale inasema kweli, na watu wameanza kunipa mizigo yao tena. Naendesha mwenyewe. Ndiyo maana siuzi. Kile kitufe cha sifuri bado sijakigusa. Ile miche ya ufuta nimeifunga kwenye kitambaa, iko kabatini pamoja na dawa zake. Na nimeacha kumwita mtu aliyeshatoka. Shani alipoondoka juzi kurudi shule alisahau shuka lake. Nilimfuata kwa miguu, kimya, mpaka nikamshika begani.

Mama mpe salamu zangu, mwambie binti yake anakula. Nisalimie shemeji yangu mume wako, na mjomba wa dukani, na wifi aliyejifungua, mtoto nitamwona. Msalimie na yule mwalimu wangu wa darasa la nne, mwambie mwandiko bado ni uleule.

Korosho zikishaanikwa nitapanda basi nije, nikae nanyi wiki mbili. Ombi langu ni moja tu, dada. Siku nitakayoondoka kurudi huku, nikiwa nimeshatoka mlangoni, hata ukikuta nimesahau kitu, usiniite. Kiweke tu.

Mdogo wako,
Hadija, Mama Shani