Mtoto na Joto la Mabati

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Busibwabo tuko wazima. Nyanya yako ananigombeza asubuhi mpaka jioni, kwa hivyo ujue ana nguvu.

Umeuliza mtoto umfanyie nini na hilo joto la Mombasa. Sikiza. Miaka ya sitini nilikuwa nauza vitunguu pale Malaba, nikajenga nyumba ya mabati, ya kwanza hapa kwetu. Nilitembea kifua mbele kama chifu! Kiangazi kikaingia, baba yako akiwa bado mchanga. Mchana mmoja nikamkuta amechemka, amelegea, hata titi hataki. Nyumba ilikuwa jiko.

Nyumba ya baridi ilikuwa ile ya nyasi ya baba yangu. Lakini kwetu ni mwiko, mke wa mwana haingii nyumba ya baba mkwe wake. Nyanya yako akasimama uani analia.

Mzee akatoka na kiti chake, akakaa nyuma ya ghala, akatugeuzia mgongo. Akaita, "Wewe wa mabati! Mwambie mama huyo hiyo nyumba leo haina mwenyewe. Aingie!"

Tukamfungua mtoto nguo, tukampanguza na maji ya mtungi, akanyonya kidogo kidogo. Jua likishuka, akalia kwa nguvu. Tulicheka!

Kwa hivyo usione haya, kwa jirani kukiwa na baridi bisha hodi. Na mtoto akilegea, kimbia hospitali.

Kiangazi chote mtoto na mama yake walishinda humo, na Mzee hakurudi ndani mpaka mvua iliponyesha. Alilala na mbuzi, akisema hao angalau hawajisifu.

Babu yako.