Vidole Vinne Begani kwa Mama

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, tena naomba haraka, maana Jumamosi mdogo wangu anakuja, nao mkasi bado uko juu ya meza. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka thelathini na minne, naishi na mama mkubwa, dada yake marehemu mama, ambaye ndiye aliyetulea mimi na mdogo wangu tangu mama alipofariki, mimi nikiwa na miaka minane na mdogo wangu hata kukaa hajajua, na ili ujue ni mtu wa namna gani, wakati ule alikuwa na mchumba, akamwambia bwana huyo kwamba sasa ana watoto wawili, bwana akaaga anaenda kufikiria, na mpaka leo anafikiria.

Sasa picha ya mama tunayo moja tu, walipiga studio yeye na mama mkubwa, wamekaa kwenye benchi bega kwa bega, na mama mkubwa amemwekea mama mkono begani. Miaka yote imekaa kabatini ndani ya bahasha. Mwezi huu mdogo wangu, ambaye hamkumbuki mama hata kidogo, akaniletea fremu nzuri ya mbao, ya umbo la yai, akasema dada, mweke mama humu, peke yake, nataka nikiingia sebuleni nimwone yeye tu, nami nikaapa mwezi hauishi kabla mama hajakaa ukutani, na mimi nikisema nimesema.

Nikafanya kama ninavyofanya kwenye nguo, nikakata karatasi kwa kipimo cha kioo cha fremu, nikaongeza na nafasi ya mshono, nikailaza juu ya picha, mama akaingia vizuri kabisa na mama mkubwa akabaki nje, isipokuwa vidole vyake vinne pale begani, na hata nisogeze karatasi vipi havitoki, nikivitoa vidole namtoa mama bega. Nikajiambia potelea mbali, vitakaa, nikashika mkasi wangu wa kitambaa, nikaanza na kona ya chini, na kwenye kona ile kulikuwa na kiatu cha mama mkubwa. Kikaanguka sakafuni. Kuinua macho, yeye mwenyewe amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

Hakunigombeza. Alisema, "Endelea tu mwanangu, mimi si nipo? Mimi utaniona kila siku." Akainama, na magoti yake yenyewe mabovu, akaokota kile kipande, akakitia kwenye mfuko wa gauni, akaenda kuosha kikombe ambacho chai yake hakuinywa.

Tangu siku hiyo tunaongea vizuri tu, hata kucheka tunacheka, lakini mkono wangu haugusi mkasi. Nikimkata najiona mwizi wa fadhila, nisipomkata mdogo wangu atasema namnyima mama hata kwenye picha, na ameshapiga simu mara tatu kuuliza kama kazi tayari. Mama mkubwa ameniruhusu kwa mdomo wake mwenyewe. Nikate au nisikate?

Fundi Mwenye Mkasi

* * *

Fundi,

Rudisha huo mkasi kwenye droo. Umerudisha? Haya, tuongee.

Kwanza pole. Kubaki na picha moja tu ya mzazi si jambo dogo, na uchungu wa mdogo wako naufahamu. Wewe una miaka minane ya kumkumbuka mama, yeye hana hata siku moja. Sina ugomvi naye. Ugomvi nilio nao ni na wewe. Mteja akikuletea kitambaa ambacho madukani hakipatikani tena, unakitia mkasi bila kujaribu kwanza kwenye kingine? Huthubutu. Lakini picha ya mama yako umeifanyia papara, halafu unaniambia habari za nafasi ya mshono.

Unasema mama mkubwa amekuruhusu. Hukumsikia, dada. Asiyejali kukatwa haokoti kiatu chake sakafuni kwa magoti mabovu. Amekuruhusu kwa sababu hajawahi kukunyima kitu, na wewe umeshazoea kupewa.

Leo hii, ukimaliza kusoma, nenda ukamwombe kile kipande. Usianze kujieleza mambo ya fremu na vipimo. Mwambie, "Nimekosa, mama." Hilo neno "mkubwa" liache siku hiyo. Ukipewa kipande, kibandike mahali pake kwa karatasi nyembamba upande wa nyuma, kisha mpigie mdogo wako umsimulie habari ya kiatu. Usingoje Jumamosi. Akikasirika mwache akasirike, atapoa.

Kesho peleka picha studio wakutolee nakala mbili, na usiwaachie picha yenyewe, simama hapo hapo mpaka uondoke nayo irudi kwenye bahasha. Nakala ya kwanza ni ya mama peke yake, ya mdogo wako, akaiweke chumbani kwake. Fundi wa picha atataka kuvifuta vile vidole, mkatalie. Mdogo wako akiuliza ni vya nani, mwambie ndivyo vilivyomlisha uji.

Nakala ya pili ni ya wote wawili, waipunguze kidogo, na hiyo ndiyo ya sebuleni. Utaniambia haiingii. Nikuulize, fundi mzima, umewahi kuilaza hiyo fremu? Umeisimamisha kwa sababu kitanzi cha kutundikia kimepigiliwa juu, basi ukaona huo ndio mwisho wa maarifa. Ng'oa kitanzi, kipigilie ubavuni. Fremu ikilala, watu wawili wanakaa bega kwa bega bila kusongamana. Pembe za nakala zikate, viatu vitapotea vya wote wawili, hapo hakuna aliyeonewa. Na tumia mkasi wa karatasi.

Jumamosi wewe panda kwenye kiti na nyundo. Mdogo wako akushikie misumari. Mama mkubwa akae pale kwenye kiti chake na chai yake, aangalie ukuta, na msipigilie msumari wowote mpaka yeye aseme, "Hapo hapo, tumekaa sawa."